Ukurasa wa Mwisho wa Shubiri

4 Februari

Wifi yangu Kijiti,

Hujambo wewe, na goti la mama linasemaje? Sisi huku wazima. Kaka yako anakoroma kama kawaida na anakusalimu. Najua simu ipo, lakini simu ni ya kaka yako na mama. Mimi na wewe ni watu wa barua tangu bwenini, na habari hii nikiisema kwa mdomo majirani watadhani pamefiwa.

Riwaya yangu imekubaliwa! Ndiyo, Shubiri, yule msichana wetu wa daftari la shuleni, mlinzi wa mlango wa wafu katika mji usiopambazuka. Bila shaka unaikumbuka sheria ya mlango: ukimtoa mfu mmoja, lazima umwingize hai mmoja. Shubiri anamtoa mama yake, na anayesukumwa ndani ni rafiki yake wa kufa na kuzikana. Mhariri anasema wasichana wa siku hizi wanawataka mashujaa wa namna hii, ambao hujui uwapende au uwakimbie. Ila wanaonunua vitabu ni wazazi, kwa hiyo mwisho lazima atubu. Basi nimemtubisha. Analia kurasa tatu, anaingia mlangoni mwenyewe kumkomboa mwenzake, na jua linachomoza.

Na sikia hili: kitabu kitachapwa kiwandani kwenu. Nimeomba kipite mezani kwako wewe na si kwa mwingine, maana hakuna anayeyajua makosa yangu kama wewe. Ukurasa wa mbele nimeandika "Kwa mume wangu", amefurahi mpaka amefua nguo zake mwenyewe.

Wifi yako,
Kasuku

15 Februari

Mke wa kaka, mwandishi mkubwa,

Sisi hatujambo. Goti la mama linatabiri mvua na halijakosea wiki hii. Nilimsomea barua yako akapiga vigelegele, mimi nikapiga makofi. Hongera. Naisema kwa moyo mmoja, ingawa moyo wenyewe unaniuma.

Maana tukumbushane, Kasuku. Wewe uliandika mawingu na minara. Aliyemfanya Shubiri amsukume rafiki yake ni mimi, kwenye kitanda cha juu, kwa tochi yako yenye betri iliyokufa nusu. Wewe ulilia, ukasema hapana, hakuna msichana anayefanya hivyo. Nikakwambia wapo, tunalala nao humu. Sasa nasikia ametubu! Kurasa tatu! Huyo si Shubiri, huyo ni mwalimu wa zamu.

Kwanza ulinichukulia kaka, nikashangilia harusini mpaka sauti ikakauka. Sasa umechukua na huyu. Sina neno, usione vyaelea, vimeundwa. Nauliza tu, na nijibu bila kuzunguka: jina langu liko wapi humo ndani? Hata kwenye ukurasa wa shukrani, hata mwisho kabisa baada ya fundi wa kompyuta yako.

Kitabu kitapita kwangu, usihofu. Miaka kumi na minne nimekaa kwenye kiti hiki nasahihisha maneno ya watu. Sheria ya kiwanda ni moja: msahihishaji anasahihisha, haongezi. Mwenzangu mmoja aliongeza sentensi moja tu kwenye kitabu cha kilimo, tena sentensi ya kweli, na jioni alikuwa nje na virago vyake.

Wifi yako,
Kijiti

27 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na hasira imepoa. Sisi wazima.

Ukurasa wa shukrani umekatwa, kitabu kilikuwa kimezidi kurasa. Niliuomba ubaki, ingawa sikuomba kwa nguvu, na heri nikwambie mwenyewe. Lakini na wewe tuwe wakweli. Kubuni ukatili juu ya kitanda cha juu si kuandika kitabu. Mimi nimeamka alfajiri miaka mitatu, nimeandika kurasa mia tatu na ishirini huku kaka yako akiuliza soksi ziko wapi. Wewe daftari unalo? Ungetaka si ungeandika, nani alikushika mkono?

Usininunie. Ukinuna pua inazidi kurefuka.

Wifi yako,
Kasuku

20 Machi

Wifi,

Hatujambo. Kurasa ulizotia sahihi zimefika. Kuanzia hapo ni mimi na kalamu nyekundu tu, kisha mtambo. Nimekutolea koma mia mbili na kumi na mbili, nyingi ulizitupa kama unalisha kuku. Nimegusagusa hapa na pale. Leo nimekipitisha, na wiki ijayo kinachapwa.

Nani alinishika mkono, umeuliza. Nitalifikiria hilo.

Kijiti

9 Julai

Kijiti,

Salamu utazipata mwisho, kama zitabaki.

Jana nilialikwa shule moja ya wasichana. Nikasoma sura ya kwanza, nikapigiwa makofi, nikaulizwa kama Shubiri ataolewa. Kisha akasimama msichana mmoja wa nyuma, soksi moja juu moja chini, akasema anataka kunishukuru kwa ukurasa wa mwisho. Akaukariri bila kutazama kitabu:

"Shubiri aliufunga mlango, akanawa mikono, akaketi na mama yake mezani. 'Mwenzio yuko wapi?' mama aliuliza. Shubiri alimsogezea bakuli. 'Kula, mama,' alisema. 'Kitapoa.'"

Mimi tabasamu limenigandia usoni. Sikukifungua kile kitabu kilipotoka, wifi. Nilikinusa, nikakipiga picha, nikakiweka kabatini. Maneno yake nilikuwa nimeyachoka kama mgeni wa mwezi wa pili. Mhariri alinipigia mwezi uliopita akanung'unika, "Ulibadilisha mwisho bila kuniambia, ningekukatalia, lakini vinanunuliwa mno, siwezi kulalamika." Nikadhani anasema kuhusu neno moja au mawili.

Yule msichana akaendelea. "Mwaka jana nilimsingizia rafiki yangu wizi. Yeye akafukuzwa, mimi nikabaki. Kwenye kila kitabu nilichosoma, aliyefanya hivyo analia halafu anasamehewa. Mimi sikulia. Nikadhani niko peke yangu duniani. Mwandishi, ulijuaje?"

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Ilinichukua miaka mitatu kuupata mwisho huo." Kwa kinywa changu hiki! Kisha nikaenda chooni, nikajifungia, nikausoma ukurasa huo kwa mara ya kwanza.

Mkono wako naujua hata bila jina. Naweza kumpigia meneja wako sasa hivi ukalala huna kazi. Kaka yako sijamwambia. Nieleze kwa nini umenifanyia hivi. Halafu nieleze kwa nini ni pazuri, maana nimepasoma mara ishirini nikitafuta ubaya wake. Kurasa mia tatu na ishirini nimeziandika mimi, na kinachoshukuriwa ni mistari yako minne.

Msalimie mama. Wewe sikusalimii.

Kasuku

16 Julai

Wifi,

Mama hajambo. Mimi sijambo pia, ingawa hukuuliza.

Nilitaka uaibike, hakuna sababu nyingine. Usije ukaniremba ukasema nilipenda hadithi. Nilisoma kurasa zako usiku na mchana, na kila nilipopata pazuri roho ilinichoma. Sura ya tisa, pale Shubiri anapojifunza sauti ya funguo, nilisukuma kiti nikatoka nje. Ungeandika vibaya ningefurahi, lakini hukuandika vibaya, na hilo ndilo sikulivumilia. Nilipofika kwenye kile kilio chako nikasema asante, hapa ndipo pa kumnasa. Nikazikata kurasa tatu, nikaandika mistari ile kwa penseli, nikampa fundi anayepanga kurasa. Yeye hupanga anachopewa, hasomi.

Niliona yote mbele yangu. Wazazi wanarudisha vitabu madukani. Msichana hajatubu, kitabu gani hiki! Mhariri anakutimua. Wewe unakuja kwa mama na begi, macho mekundu, nami nakuandalia chai kwa huruma tele. Nilishachagua hata kikombe.

Badala yake nimekubeba mgongoni. Juzi kwenye foleni ya kliniki, wasichana wawili mbele yangu walikuwa wanabishana. Mmoja anasema Shubiri ni shetani, mwingine anasema Shubiri ni mtu tu. Huyo wa pili akasema, "Yule mwandishi haogopi watu kama sisi." Nilinyoosha mkono nimguse bega, nikaurudisha. Ningemwambia nini? Nikarudi nyumbani nimewakasirikia watoto wa watu.

Lakini kinachoniua ni huyo wako wa soksi. Maneno ni yangu, na aliyetazamwa machoni ni wewe. Nakuonea wivu, Kasuku, mpaka mdomo unakuwa mchungu asubuhi. Nimekuwa nao tangu bwenini, nilikuwa nauita utani.

Vitabu vikichapwa tena, weka jina langu. Majina yote matatu. Hutaki, basi mpigie huyo meneja, tumalizane.

Kijiti

2 Oktoba

Kijiti,

Natumaini uko salama. Kaka yako ameugua mafua wiki nzima akaandika wosia mara mbili. Sasa ni mzima.

Barua yako nimelala nayo chini ya mto miezi miwili na nusu. Nimekwenda shule nne nyingine. Kote wanauliza ukurasa ule ule, na kote nimejibu kama ni wangu, kila mara kwa ufasaha zaidi. Wanataka kitabu cha pili. Nakaa mezani kumwandika Shubiri, naye anaanza kuomba radhi. Anamwomba radhi mama yake, mlango, paka! Wewe umeketi huko na kalamu ya kufutia makosa, na unamjua. Mimi nimempa miaka mitatu na hanijui. Kama wewe una wivu, wifi, basi karibu nyumbani, tumejaa.

Toleo la pili linachapwa mwezi huu. Nimejaza karatasi ya masahihisho. Chini ya mistari yako nimeongeza mmoja: "Ukurasa huu umeandikwa na", kisha majina yako yote matatu, kisha "msahihishaji wa kitabu hiki". Mhariri aliitia sahihi bila kusoma, alikuwa anakimbilia kikao. Itapita mezani kwako kabla ya mtu mwingine yeyote.

Sheria ya kiwanda chenu naijua, uliniambia mwenyewe. Najua mstari huo utakufanya nini. Jina umelitaka, jina ndilo hilo. Usipolitaka tena, kalamu unayo, futa, na hakuna atakayejua zaidi yetu. Usiniulize kama nimefanya kwa wema au kwa kijicho. Nimejiuliza mbele ya kioo, na kila siku najibiwa tofauti.

Wifi yako,
Kasuku

11 Novemba

Wifi yangu Kasuku,

Hamjambo huko? Huku goti la mama limepata dawa mpya na analitembeza mtaani kama mgeni rasmi. Mimi ni mzima.

Karatasi yako ilifika Jumatatu asubuhi, chai yangu haijapoa. Nilisoma mstari ule, nikafunga mlango wa ofisi, nikausoma tena. Nikakutukana, nakwambia kweli, kwa sauti. Nikashika kalamu nyekundu. Mistari mingapi nimefuta maishani mwangu? Huu ulikuwa mmoja tu. Nikafikiria ile dawa ya mama. Nikafikiria kiti changu, ambacho kimeshika umbo langu, na kwamba sijui kazi nyingine. Kisha nikayasoma majina yangu matatu yamepangwa pale kwa herufi za kitabu. Nimewahi kuyaona kwenye kitambulisho na kwenye orodha ya mishahara, hapo basi. Nikaweka kalamu chini, nikapiga muhuri, kitabu kikaenda kuchapwa.

Mhariri wako alikiona wiki mbili baadaye, akampigia meneja. Meneja aliniita. Nilitegemea makelele, hakupiga. Alisema, "Binti yangu anaupenda sana ukurasa huu," halafu akanikabidhi barua ya kuachishwa kazi. Niliisoma nikaona nukta imekosekana, nikamrudishia aitie. Jioni nilitoka na mfuko mmoja na kikombe changu.

Mama amejua yote, nimemwambia mwenyewe kabla ya kaka. Alisema sisi wawili tungefaa kuzaliwa tumbo moja ili atuchape pamoja.

Usidhani nakushukuru. Ulijua, ukaandika, ukaniachia mimi nichague ili mikono yako ibaki safi. Usidhani pia nakulaani. Ningekuwa wewe nisingesubiri hata hiyo miezi miwili na nusu.

Unataka kujua kama wivu umekwisha. Juzi alibisha hodi msichana mmoja na toleo jipya kwapani, amepanda magari mawili kunitafuta. Nilimkaribisha, mama akamletea maji. Aliomba nimtilie sahihi, nikamtilia kwenye ukurasa wa mwisho, kwa herufi kubwa, nikajaza nafasi yote. Alipokifunga kitabu akaliona jina lako juu ya jalada.

"Na huyu," akauliza, "aliyeandika kurasa za mbele, unamfahamu?"

"Kidogo," nikamwambia.

Wifi yako,
Kijiti