Chakula cha Wasiofika

Mwankoko,
Singida, Tanganyika.
5 Desemba 1954

Mpendwa Kaka Gabrieli,

Shikamoo, kaka. Je, u mzima huko Tanga kwenye mkonge? Ile homa uliyotuandikia imekuacha kabisa, au bado inarudi jioni? Mama Mkubwa huniuliza hivyo kila siku kana kwamba mimi ninaiona. Sisi hapa tu wazima. Mgongo wa Mama Mkubwa unamuuma kidogo, lakini sababu yake utaisoma huko mbele, wala si ya kukuhuzunisha. Baba na mama kule Ikungi nao hawajambo. Mama alipita hapa akatuachia kuku mmoja ambaye mpaka leo anakataa kulala na wenzake.

Shuleni ninaendelea. Bado ninaona haya kusoma kwa sauti mbele ya darasa, na mwalimu Mathayo bado ananichagua mimi kila mara. Krismasi hii nitapata kipaimara. Tumefundishwa maana ya imani, nami naweza kuisema yote bila kutazama kitabu. Lakini tangu mwezi uliopita nadhani nimeiona kwa macho, hapa nyumbani kwa mama yako, na haikufanana sana na majibu yetu ya darasani. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Tulikwisha kukuarifu kwamba upande wa magharibi wa tembe ulianguka mwisho wa mvua zilizopita. Mchwa walikuwa wameila boriti kubwa kwa ndani, nje inaonekana nzima. Tangu siku hiyo sisi, mbuzi, ndama na vilindo vya magome vyenye uwele tumebanana upande mmoja, na ukuta wa katikati uko wazi. Kama mvua mpya zingetukuta hivyo, maji yangefika kwenye nafaka, nasi tungekosa chakula na mbegu pia.

Barua yako ilipofika nilimsomea Mama Mkubwa yote. Nilipofika pale uliposema apike pombe aite watu, kwa kuwa dini haiezeki nyumba, sauti yangu ikapungua. Akasema, “Soma vizuri, mwanangu. Huyo ni mtoto wangu anasema.” Nikasoma tena. Alicheka sana. Akasema, “Gabrieli ni baba yake mtupu. Hata kwenye karatasi anagomba.” Hakukasirika hata kidogo, kaka, nakuhakikishia.

Lakini pombe hakupika. Aliiacha siku alipobatizwa, na wewe unamjua akishaacha kitu. Tatizo ni kwamba hapa kwetu, pasipo mtungi, hakuna mtu anayepanda juu ya nyumba ya mwenzake. Mwinjilisti Zefania alimshauri angoje, kanisa litafute siku baada ya Krismasi. Mama Mkubwa akamjibu kwa heshima kwamba mvua haijui Krismasi.

Basi akaanza. Alikata miti mwenyewe kule bondeni, tukaileta kidogo kidogo. Kila nilipotoka shule tulichimba udongo wa kichuguu na kuubeba kichwani mpaka ukawa lundo kubwa mbele ya mlango. Hapo ndipo mgongo ulipoumia. Kisha akapita nyumba kwa nyumba, nami nyuma yake, akisema, “Jumamosi naezeka. Kutakuwa na chakula na togwa.”

Mzee Melkiori, yule anayejua kupanga boriti kuliko wote, ambaye asipokwenda yeye wengine nao hawaendi, alikuwa amekaa na wenzake. Akamwuliza, “Togwa? Sara, unaezeka nyumba au unaachisha mtoto kunyonya?” Wote wakaangua kicheko. Mimi nilitamani ardhi inifunike. Mama Mkubwa naye akacheka, akasema, “Njoo unywe, huenda ukakua.”

Ijumaa akatoa uwele mwingi, tukausaga mpaka mikono ikatuwaka. Akapika kunde na mlenda na vyungu vikubwa vya togwa, chakula cha watu wengi. Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia, “Mama, hakuna aliyesema atakuja.” Akajibu, “Wala hakuna aliyesema hatakuja. Lete kuni.” Kaka, ule ndio uwele tuliokuwa tukiuogopea mvua. Niliona kama anaumwaga mwenyewe kabla mvua haijaumwaga.

Jumamosi jua likapanda, uwanja mtupu. Nilikuwa nikifagia mahali palipokwisha fagiliwa. Ndipo akaja Mzee Idrissa na vijana wake wawili, mashoka begani. Baada ya salamu akasema, “Dada Sara, mimi Mwislamu kwenye kazi za watu hukaa pembeni na kiu yangu. Leo nami nimealikwa.” Halafu akafika Mwinjilisti Zefania. Yeye anaogopa kupanda juu, kwa hiyo alishika ngazi, na aliishika vizuri sana. Saa ya adhuhuri Mzee Idrissa alipokwenda kusali chini ya mgunga, Mama Mkubwa alituambia tuache kugonga nguzo mpaka amalize.

Nguzo zilisimama zote. Lakini boriti kubwa iliwashinda. Walijaribu kuiinua wakaishusha, wakajaribu tena, na upande wa mashariki mawingu yalikuwa yamekwisha kuanza kujikusanya. Chakula kilikuwa bado kimejaa vyunguni. Mimi nilikuwa karibu kulia.

Unakumbuka desturi ya hapa, kwamba siku ya kazi ya pamoja mtu akiwa mgonjwa hasahauliwi, fungu lake la pombe hupelekwa kwake nyumbani pamoja na pole. Mama Mkubwa akasimama, akaanza kupakua. Akajaza vibuyu na mabakuli, akanipa mimi na kijana mmoja wa Mzee Idrissa, akataja majina ya wote aliowaalika. “Wapelekeeni. Wamekosa kuja, bila shaka wanaumwa. Waambieni nawapa pole.”

Mimi nikapangiwa Mzee Melkiori. Nilimkuta ameketi mlangoni pake akichonga mpini, mzima kama ng'ombe dume. Nikapiga goti nikamwamkia, nikaweka bakuli mbele yake.

“Hiki nini?”

“Fungu lako, babu.”

“Fungu la nini?”

“La mgonjwa. Mama Mkubwa anakupa pole.”

“Nani amesema naumwa?”

“Hakuna, babu. Lakini hukuonekana, basi amesema bila shaka unaumwa.”

Mkewe, aliyekuwa akipepeta nafaka, aliweka ungo chini akacheka mpaka akakaa. “Haya, mgonjwa! Kula ulale, nikufunike!”

Mzee Melkiori hakumtazama. Akaniuliza, “Sara alikuwa anacheka alipokutuma?”

Nikasema, “Hapana, babu. Alisema nikikukuta umelala nisikuamshe.”

Akanywa togwa yote kwa mara moja, akapangusa midomo, akaingia ndani akatoka na shoka. Njiani kila alipomwona mtu mlangoni na bakuli letu mkononi alimpigia kelele, “Na wewe unaumwa? Toka!”

Alipofika uwanjani akatangaza, “Nimekuja muone kwamba siumwi.” Mama Mkubwa akamjibu, “Mungu asifiwe, homa imekuacha upesi.” Hapo hata Mwinjilisti alicheka mpaka ngazi ikatikisika.

Wakaja wengi, ingawa si wote. Laurenti alirudisha bakuli tupu na ujumbe kwamba mlenda haukukolea chumvi. Lakini boriti ilipanda, fito zikapangwa, wanawake wakapandisha udongo, na jua lilipokaribia kuzama paa lilikuwa limefungwa.

Kesho yake, tukitoka kanisani, nilijikaza nikamwuliza Mama Mkubwa kama alijua hawaumwi. Akasema, “Nisipowadhania ugonjwa, niwadhanie nini? Ubaya? Nikishawadhania ubaya, nitaishi nao vipi?” Akaanza kunieleza habari ya mbuzi mwenye mimba, kana kwamba lile neno halikuwa kitu.

Kaka, usidhani nakuandikia ili kukusuta. Ni kweli ulivyosema, walioezeka ni watu, na Mzee Melkiori alipokuwa juu alitukana vibaya fito ilipomponyoka. Lakini mimi nimefikiri sana. Zamani nilidhani mwenye imani ni yule asiyeogopa. Mama Mkubwa aliogopa. Ijumaa ile nilimwona akitazama kilindo kinavyopungua, akameza mate, kisha akachota tena. Nadhani imani yake ni huko kuchota tena. Alipika kwa ajili ya watu ambao hawakuahidi, na walipokosa kuja akawapelekea. Sijui kama nikiulizwa siku ya kipaimara nitaweza kusema hivyo, labda nitasema yale ya kitabuni. Lakini ndani yangu nitakuwa nikimwona yeye na upawa wake.

Mvua ilinyesha Alhamisi, alasiri, kubwa ya upepo. Tulikaa ndani tukiangalia juu. Maji yalidondoka mahali pamoja tu, karibu na jiko, tukaweka sufuria. Vilindo vilikuwa vikavu. Mama Mkubwa alikwenda kuweka kiganja chake kwenye ile boriti mpya, akaniita tusali. Alisali kwa Kinyaturu, polepole, akimshukuru Mungu kwa kila mtu kwa jina lake: Idrissa na wanawe, Zefania na ngazi yake, Melkiori, hata Laurenti ambaye hakuja. Kisha akasema, “Na mwanangu Gabrieli, aliyeshika boriti upande wa mlango.”

Nilifumbua macho. Alipomaliza nikamwambia, “Mama, kaka Gabrieli hakuwapo.”

Akasema, “Huyo alikuwa anakuja. Njia yake ni ndefu kuliko ya Melkiori.”

Unasalimiwa sana na Baba na Mama wa Ikungi, na mdogo wangu Kristina ambaye sasa ameota meno ya mbele, na Mzee Idrissa na wanawe, na Mwinjilisti Zefania, na Mzee Melkiori ambaye anasema nikuandikie kwamba yu mzima kabisa. Nawe utusalimie Simeoni na vijana wote wa Singida ulio nao huko.

Mungu akulinde shambani na kambini, akuondolee homa, akuonyeshe njia ya nyumbani.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa moyo wote,

Luciana