Siku Niliyoomba Kula

Mjukuu wangu Sanyu, hujambo huko Nairobi? Sisi huku Nsambya wazima, na mimi babu yako nimesoma kitabu ulichoandika mara mbili.

Unauliza, katika kitabu cha pili, yule kiongozi wako msichana, anayebomoa kuta kwa kuzitazama tu, afanyeje, maana watu aliowakomboa sasa wanamwogopa?

Nilipogombea uongozi wa vijana hapa kwenye nyumba za reli, nilisimama nikapaza sauti: “Naomba kula!” Ulimi wangu wa Kiganda ulikataa kusema kura. Watu wakacheka hadi machozi. Jirani yetu Mkongo akaniletea sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, nikala palepale. Kisha wakanichagua.

Kuta amebomoa za kutosha, Sanyu. Safari hii abishe hodi, aombe kula.

Jjajja wako