Visima Ulivyoviacha Kwenye Diski

Ndugu Shabani, ambaye udongo haujakutoa katika safu yetu. Na ninyi ndugu wa mapambano mliokusanyika leo kwa arobaini yake, nisikilizeni ninapomsomea.

Shabani, nimeharibu kazi yako. Nasema mbele ya wote, kwa kuwa wewe hukuwahi kuficha kosa lako.

Unakumbuka tulivyobishana mbele ya ile kompyuta moja ya chuo? Wewe, mwana wa fundi baiskeli wa Cheyo, uliandika kwa lugha ya Pascal programu ya visima: kijiji, kina cha maji, mwezi kisima kinapokauka. Kila ulipotaka kuhifadhi kitu kwenye diski, uliweka namba ya huduma mahali pake, ukaita ukatizo, ile ishara ya kuisimamisha programu kidogo, ukauachia mfumo wa uendeshaji utende. Kisha programu ikaendelea pale iliposimama. Nikapiga meza: huko ni kuombaomba! Taifa linalojitegemea liandike lenyewe, moja kwa moja kwenye diski!

Ulicheka mpaka miwani ikakuanguka. "Mwanamapinduzi gani wewe, unaogopa kupiga hodi? Mfumo ndio unaojua chumba kipi kina mtu. Bisha hodi, ndugu yangu, utakaribishwa."

Sikukusikia. Homa ilipokuchukua niliketi kwenye kiti chako, nikafuta miito yako yote, nikaweka amri zangu zisizomwuliza yeyote. Zilikwenda kasi, nami nikajisifu. Kumbe zilikuwa zikiandika juu ya visima vyako! Vijiji vyote vya njia ya Isikizya vimefutika. Orodha inatakiwa wilayani kabla ya kiangazi, na kijiji kisichokuwemo hakitachimbiwa.

Ndipo nikakusoma upya, Shabani, mstari kwa mstari. Baada ya kila mwito uliuliza: imekubaliwa, au imekataliwa? Hata mara moja hukusahau. Nami niliyehutubia ujamaa kwenye kila jukwaa sikuutambua ulipokuwa mbele ya macho yangu: diski ni ya wote, na mwungwana hajitwalii nafasi kabla ya kuuliza nani amekwishakaa.

Babu zetu waliipita njia hiyo ya Isikizya wakibeba pembe za ndovu za wenyewe hadi pwani. Wewe uliipita kwa baiskeli, kamba na jiwe begani, ukipima maji ya watu wako. Akina mama walikutania, "Bwana Kamba, leo utatuvulia nini?" Ukawajibu, nawe bado...

Nisamehe. Bado naisikia sauti yako.

Miito yako nimeirudisha yote, na inafanya kazi. Visima havirudi hivyo, sharti tuvifuate tukavipime upya. Nakuahidi hakuna kijiji kitakachokosa maji kwa kiburi changu. Mwenyezi Mungu akulaze pema.

Ndugu zangu, tukutane Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya karakana ya baba yake. Asiye na baiskeli atapakiwa. Tutaanza na kijiji cha mbali kuliko vyote.