Bajia za Hemed

Nairobi, 14 Juni 1956

Kwa mama mkwe wangu Bi Mwanaisha, Lamu,

Shikamoo mama. Mimi na watoto tu wazima wa mwili. Baridi ya huku ni kali, na mdogo ameota jino. Najua simu ya maandishi ya kifo cha mwanao Hemed imekufika, lakini simu haina nafasi ya maneno haya.

Hemed alipolazwa hospitali alitamani bajia zako za dengu. Nikanunua dengu kavu kule Bazaar, nikazichemsha na kuzitwanga, bajia zikasambaratika kwenye mafuta. Nilipomweleza akatabasamu.

"Mama hachemshi," akasema. "Huziroweka mpaka asubuhi, kisha huzitwanga mbichi."

Nikaroweka nyingine, nikazitwanga pamoja na thomu, kotmiri na pilipili. Safari hii zikashikana.

Nilipompelekea Jumanne, homa ilikuwa imempanda na hakunijua. Alionja moja, akanitazama sana.

"Mama," akasema, "umetoka Lamu lini?"

Ningeweza kumwambia kuwa ni mimi, Saleha, mkewe kwa miaka tisa. Lakini uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu augue. Nikajibu, "Nimefika leo asubuhi, mwanangu."

Akala tatu, akanishika mkono, akalala. Hakuamka tena.

Nisamehe, mama, kwa kusema kwa jina lako bila idhini yako. Nakuandikia ujue kwamba mwanao aliagana nawe. Mimi hakuniaga.

Mkweo anayelia pamoja nawe,
Saleha