Marando Uliyoondoka Nayo

S.L.P. 127,
Bariadi,
Mkoa wa Shinyanga.
6 Septemba 1998

Mpendwa Shangazi Milembe,

Mwangaluka. Hujambo, na Mjomba Mahona hajambo? Watoto je, na ng'ombe? Baba aliwahi kuniambia kwamba barua inayokwenda Rukwa bila kuulizia ng'ombe haijibiwi, kwa hiyo nauliza mapema. Sisi huku tu wazima. Bibi anasumbuliwa na goti la kushoto asubuhi, lakini jua likishapanda ananishinda kutembea.

Nadhani hunikumbuki. Mimi ni Kwandu, mtoto wa tatu wa kaka yako Januarius. Mlipohama na ng'ombe nilikuwa na miaka mitatu. Sasa niko kidato cha pili hapa Bariadi, nakaa bweni, na nyumbani Shishiyu nakwenda wakati wa likizo tu. Mbele za watu sauti yangu hukwama kooni. Kwenye karatasi haikwami sana, ndiyo maana nimethubutu kukuandikia.

Ninataka kukuuliza juu ya viazi. Bibi anasema siku ulipoolewa alikufungia marando ya viazi vitamu vyake, yale mashina ya kupandia, kwenye kanga, vile vyekundu kwa nje na vyeupe kwa ndani, na kwamba mlipohamia huko uliondoka nayo tena. Je, bado unayo? Nitaeleza kwa nini nauliza, maana huku hayapo tena. Hayapo kwetu, hayapo kwa jirani, na nimeulizia mpaka Sola.

Mwaka juzi mvua ilikuwa kidogo, na mwaka jana kiangazi kilikuwa kikali. Unajua wanawake wa kwetu huhifadhi marando penye unyevu mpaka msimu wa kupanda. Kila mmoja alikuwa na mahali pake: huyu bondeni, huyu kando ya kisima, Bibi nyuma ya majaruba ya mpunga. Sehemu zote zilikauka. Palibaki mahali pamoja tu, chini ya tuta la lambo, maji yalipokuwa yakivuja kidogo kidogo. Basi wote wakahamishia marando yao hapo. Nilimsaidia Bibi kubeba, na niliona lilikuwa jambo la akili. Bustani ile ilikuwa ya kijani wakati dunia nzima ilikuwa rangi ya majivu.

Kisha ikaja ile mvua ya Elinino. Nadhani nanyi iliwafikia. Mwezi wa kumi na moja, kabla hata ya kuanza kukata marando ya kupanda, tuta la lambo lilibomoka na maji yakachukua bustani yote asubuhi moja. Mama Benedikta, jirani yetu, alisimama ukingoni akasema, "Haya, jua tulilikimbia, tukajipanga mstari kuyangoja maji." Watu walicheka, lakini Bibi hakucheka.

Mwalimu wetu wa jiografia alituonyesha kwenye ramani mahali mvua ile ilipoanzia. Alisema maji ya Bahari ya Pasifiki yalipata joto kuliko kawaida, karibu na nchi inayoitwa Peru, na joto hilo likavuruga pepo za dunia. Nilipima kwa rula. Ramani ile ilikuwa na Peru upande mmoja na sisi katikati, na rula ya shule haikutosha. Tangu siku hiyo nafikiri mambo mengi. Bahari ile haiijui Shishiyu, lakini imebeba viazi vya Bibi. Niliuliza kama kiangazi cha kabla yake kilitoka baharini pia, na kama mambo haya yatakuwa yanakuja mara nyingi zaidi kuliko zamani. Mwalimu akasema hayo ni maswali mazuri. Nimegundua mwalimu akisema swali ni zuri, majibu hana.

Tulipata marando mengine kwa jamaa wa upande wa ziwani. Viazi vyake ni vikubwa na ukivichemsha ni vitamu kweli, ila vina maji mengi. Bibi alivikata vipande vya michembe kama kawaida na kuianika juu ya mwamba, lakini haikukauka vizuri, na kufikia Agosti ilikuwa na ukungu mweusi. Mama Benedikta alinusa kikapu akasema, "Mama Januarius, hii utawapikia wageni usiotaka warudi." Bibi akamjibu, "Basi kaa, nikupikie."

Labda utasema mahindi yapo. Yalikuwapo, tena mengi, kwa kuwa mvua ilikuwa nyingi. Lakini siku hizi, Shangazi, si kama mlivyoacha. Zamani tulijua chama cha ushirika tu. Sasa kila mwenye lori anakuja kununua, mahindi yakiwa bado na joto la shamba, na Baba huuza kwa sababu ya ada zetu na kwa sababu wote wanauza. Mwezi wa pili malori yaleyale hurudi na mahindi ya kwingine, nasi tunakuwa wanunuzi. Nilimuuliza Bibi kwa nini anahangaikia michembe hivyo. Alisema, "Umewahi kuona lori linasimama kwa ajili ya michembe?" Nikasema hapana. "Basi hicho ndicho chakula chetu." Nimeyafikiria maneno hayo kuliko somo lolote la muhula huu. Kihenge cha mahindi sasa kina nafasi ya mtu kulala ndani, na kikapu cha michembe kimetupwa nusu. Msimu ujao tukipanda vile vya maji tena, sijui Bibi ataweka nini.

Nilipopendekeza tukuandikie, alikataa. Alisema haombi mbegu kwa mtoto aliyemwoza mwenyewe. Watu wa kwa mume wako wangesema nyumba uliyotoka imekauka. Ila kwa kuwa Baba alisema shemeji yako Marcelo anakuja Oktoba kuwasalimu wazazi wake, nilianza kuhesabu siku: lori mpaka Mpanda, treni mpaka Tabora, treni nyingine mpaka Shinyanga, basi mpaka Maswa. Kwa kungoja-ngoja ni kama siku saba. Je, rando linaishi siku saba bila udongo? Vitabu vya shule havisemi. Kwa hiyo likizo fupi iliyokwisha nilijaribu kwa marando ya vile vya maji. Niliyofunga kwenye mfuko wa nailoni yalioza. Niliyofunga na majani yake yalioza pia, polepole. Lakini kumi niliyoyatoa majani na kuyafunga kwenye gunia lenye unyevu, kivulini, niliyapanda siku ya nane, na saba yakachipua.

Bibi alilikuta gunia chini ya kitanda changu. "Unafuga nyoka?" Ikabidi nimweleze yote. Aliendelea kubangua karanga, kisha akasema, "Mwandikie kwamba mimi siombi. Nauliza tu kama bado ni vyeupe kwa ndani, maana udongo wa huko ni mwingine, huenda vimebadilika tabia."

Nikasema sawa. Akabangua tena. "Na wakikata, wakate upande wa ncha. Shina kuukuu halifai."

"Bibi, huko si kuomba?"

"Ni kufundisha. Mama hafundishi mtoto wake?"

Jana yake tu nilikuwa nimeona matuta mawili mapya nyuma ya nyumba, mengine kule majarubani, na Mama Benedikta ameambiwa aandae lake. Nilipouliza ni ya nini, Bibi alisema mwanamke halimi kwa kuulizwa.

Kwa hiyo nauliza, Shangazi: bado ni vyeupe? Kama ni vyeupe, na kama Marcelo hataona aibu kubeba gunia bichi kwenye treni, tafadhali. Na usikate yote. Bakiza mengi huko kwako, na mengine mpe jirani ambaye shamba lake liko mbali na maji.

Msalimie sana Mjomba Mahona, watoto wote, na Marcelo, mwambie safari njema. Baba, Mama na dada yangu Lucy wanakusalimu. Bibi hajanituma salamu, ila aliuliza barua inafika kwa siku ngapi. Mungu awape mvua ya kiasi chake, isipungue wala isizidi.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda ingawa sura yako siikumbuki,

Kwandu Januarius