Nusu ya Dawa ya Mama

Kiritiri, 19 Januari 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu. Sisi tu wazima. Nyamu wetu mdogo ameota meno mawili zaidi na yule mbuzi mweupe amezaa. Tumbo lako linaendeleaje? Naandika barua na kumpa dereva Gachoki kwa sababu kwenye simu huwa nanyamaza, na bibi yetu Cucu huongeza sauti mpaka majirani wasikie.

Hinda unayempikia alimpigia Cucu simu. Alisema ulitapika jikoni kwake huko Majengo, ukaketi chini huku chapati zikiungua. Cucu akanitazama. "Vidonda vya tumbo ni mawazo," akasema. "Na mawazo ya mama yako unayajua."

Mama, nayajua. Ni ile D yangu ya mtihani wa mwisho. Kwa hiyo nimeamua: mwezi wa Mei sitaenda chuo cha ufundi Embu kusomea umeme. Nitabaki hapa nichunge mbuzi, usiwe na la kuwaza. Je, itasaidia?

Mwanao,
Wambeti

Majengo, Meru, 4 Februari 2025

Wambeti wangu,

Natumaini barua hii inakukuta umekula. Mimi bado tumbo linachoma, lakini Hinda amenivuta mpaka kliniki. "Mama Wambeti, hata ukinifia, usinifie kwenye pilau," alisema.

Daktari akapima choo. Akasema ni bakteria, vijidudu vinavyoishi ndani ya tumbo na kulichubua mpaka kidonda kitokee. Nikamuuliza, na mawazo je? Akacheka: "Mama, mawazo hayaonekani chooni." Na pilipili? Akasema inachoma kidonda kilichopo, haikileti. Amenipa vidonge vya wiki mbili. Nilivipata wapi vijidudu hivi? Pengine utotoni, akasema, kwa maji machafu au kwa mate, watu wa nyumba moja wakilishana. Hakuna ajuaye kwa hakika.

Miaka yote hii nimeacha maharagwe bure! Hata mimi sielewi. Mwambie Cucu asimtafunie Nyamu chakula. Lakini umwambie polepole, ni mama yangu.

Mama yako

Kiritiri, 11 Februari 2025

Mama,

Je, dawa inakaa tumboni? Sisi kwa mwili hatujambo. Nilimwambia Cucu polepole, lakini sijui polepole yangu ilikosea wapi. Alikuwa amempakata Nyamu, githeri ya mahindi na maharagwe tayari mdomoni. Akaitema kiganjani, akaiangalia.

"Nilimtafunia mama yako," akasema. "Nikakutafunia wewe. Mwaka wa njaa nilitafuna na sikumeza. Kumbe nilikuwa nawalisha ugonjwa?"

Tangu siku hiyo ana kikombe chake, na anakula peke yake kando ya zizi. Nyamu anamfuata akilia. Tena nimeona kila asubuhi analamba magadi, anasema ni kiungulia tu.

Mama, niliposoma kwamba si mimi, nilifurahi. Sasa naona lawama imehama tu, imetoka kwangu ikaenda kwake. Ni ya nani hasa?

Mwanao,
Wambeti

Majengo, Meru, 15 Februari 2025

Wambeti wangu,

Salamu kwa wote, na kwa mama yangu zaidi. Tumbo limetulia kabisa. Jana nilikula ndengu!

Pamoja na barua hii kuna bahasha. Ni nusu ya vidonge, vile nilivyobakiza tumbo lilipotulia. Mpe Cucu. Mwambie hivi: alinitafunia chakula akabaki na njaa, nami siwezi kupona peke yangu. Ataelewa. Kwetu mtu hafungi mlango ili ale.

Mama yako

Kiritiri, 18 Februari 2025

Mama,

Natumai u mzima na hujanikasirikia kwa zile kelele zangu za jana kwenye simu kuhusu vidonge. Sijui sauti ile ilitoka wapi. Hata Gachoki, aliyeniazima simu, alisogea kando.

Karatasi ya daktari ilikuwa ndani ya bahasha: "Maliza dozi yote." Nilipoinua macho, Cucu alikuwa na kidonge kiganjani, analia, anasema, "Mwanangu amenikumbuka." Nikamshika mkono. Sijawahi kumzuia Cucu kitu. Nikasema, "Hii si githeri, Cucu. Mkigawana, hakuna atakayeshiba."

Alinitazama sana. Kisha akauliza, "Huyu ndiye yule asiyesema?"

Vidonge vyote Gachoki anavirudisha. Tafadhali rudi kwa daktari umweleze siku ulizoruka. Kesho nampeleka Cucu hospitali apimwe na apewe dawa yake mwenyewe. Amekubali, kwa sharti kwamba niongee mimi. Naogopa. Kama nilikukosea heshima, niambie. Kama sikukosea, niambie pia, maana sijui.

Mwanao,
Wambeti

Majengo, Meru, 27 Aprili 2025

Wambeti wangu,

Nimekaa kimya nikingoja jambo la hakika la kukuandikia. Mko salama? Gachoki ananiambia Cucu amemaliza dawa, amerudisha kigoda chake jikoni, na sasa anamsagia Nyamu chakula kwa kinu kidogo huku akimfokea yeyote anayegusa kijiko cha mtoto. Nilicheka mpaka Hinda akaja kuangalia.

Hukukosea. Daktari alinigombeza mbele ya foleni nzima, akanianzishia dawa nyingine upya. Hinda sasa ananiita mwanafunzi aliyerudia darasa.

Wiki hii nimepimwa tena. Vijidudu havipo. Nilitoka kliniki nikasimama karibu na mabucha, nikakuwaza wewe, ile D na yote, nikangoja tumbo lichome kama kawaida. Halikuchoma. Nilichanganyikiwa, mwanangu. Nilikuwa nimezoea kuamini kwamba yale maumivu ndiyo kukupenda kwenyewe, kwamba mama asiyeumwa hana habari na mtoto wake. Nilisimama pale nikikuwaza, na hakuna mahali palipouma, na bado nilikuwa nakuwaza.

Basi mbuzi waachie Cucu. Nenda Embu ukasomee umeme wako.

Mama yako