Kengele Iliyomlilia Mzee Mkumbo Akiwa Hai

Jumatatu, 4 Agosti
Kuku kumi na wawili, wote wameisha hapa stendi Kiomboi. Jogoo mmoja kanichana mkono, nikamuuza wa kwanza. Mchana mchungaji kapiga simu, anatafuta mtu wa kushusha kengele ya kanisa la zamani. Nikamwambia huyo mtu ni mimi. Sijawahi kushusha kengele.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepanda. Mchwa wamekula nguzo ya kona, ukiigonga inalia kama debe. Kanisa lote limeshikwa na miti, udongo umejazwa tu katikati. Nguzo ikienda, ukuta nao unaenda. Wazee wa kanisa wamekata shauri: nguzo mpya ipatikane kabla ya Jumamosi, la sivyo linabomolewa, kengele inahamia kanisa jipya la bloku. Kubomoa nimeahidiwa mimi. Nimefurahi nusu. Mama kafungia ndoa humo. Mimi nimebatizwa humo, nililia mpaka ibada ikafupishwa.

Jumatano, 6 Agosti
Kengele iko chini. Watu sita na kamba za ng'ombe. Nimeisugua kwa majivu na limau. Kumbe ina mapambo: mizabibu imezunguka, maua, na malaika wanne, mashavu kama wana viazi vya moto mdomoni. Mmoja pua imeisha.
Mzee Mkumbo kaja na fimbo yake. Ndiye aliyeipiga miaka yote, sasa kifua kinamsumbua. Shikamoo, marahaba. Kamgusa yule malaika asiye na pua. Kasema likibomolewa, la bloku haingii, atasali kwake na mbuzi. Nilitaka kutania, nikashindwa. Huyu mzee nampenda.

Alhamisi, 7 Agosti
Leo nimeharibu.
Niliitundika nje kwenye magogo nijaribu sauti. Niliogopa isinidondokee miguuni, nikavuta taratibu. Mara moja. Nikasubiri. Mara moja. Nikasubiri. Huku kwetu hiyo ni ya msiba. Ya ibada ni haraka haraka. Kila mtu anajua, hata mimi najua, ila akili yangu ilikuwa kwenye vidole vya miguu.
Watu wakaacha kazi. Nani kafa? Wakajijibu wenyewe: Mzee Mkumbo, si kile kifua. Nafika kwake nakuta wanawake na unga, wanaume na kuni, mke wangu Mama Neema kashaanza kulia. Mzee katoka ndani anatafuna karanga.
Nikasema ukweli. Nilitamani nigeuke kuku niuzwe. Mzee kaniangalia weee, halafu kawageukia watu.
"Kwa hiyo nikifa mnakuja wote, na kuni mnaleta. Basi leteni na mti mmoja, niuone nikiwa hai."
Shabani mpasua mbao, mtu wa swala tano huyo, akasema ana gogo la mninga, alilitunza la kitanda cha binti yake.
"Kengele yenu ndiyo saa yangu ya kutoka shambani, mzee wangu. Chukua."
Unga ukasongwa hapo hapo. Tumekula msiba na marehemu mwenyewe. Kaomba aongezewe mboga.

Ijumaa, 8 Agosti
Tumechonga nguzo kutwa. Paa tuliliegesha kwa miti. Saa tisa gogo la Shabani likaingia, likakaa. Niliomba kimoyomoyo, jambo ambalo mchungaji asingeamini. Mama Neema haongei na mimi. Anasema machozi yake yamekwenda bure.

Jumapili, 10 Agosti
Kengele iko juu. Wazee wa kanisa wamekagua, halibomolewi tena. Kibarua changu kimekufa, hicho kweli kimekufa.
Mzee Mkumbo kavuta mara tatu, pumzi ikamwishia, kanipa kamba. Nikavuta haraka haraka. Watu wakaingia.
Mzee kakaa nyuma, kwenye kona. Mninga bado unanukia. Kaegemea nguzo mpaka mwisho wa ibada. Nadhani alisinzia.